Safu Isiyo na Jina

Daftari la chumba namba nne, hapa Sikonge,
lilichapwa na safu tano:
tarehe, jina, kijiji, jino, aliyeng'oa.
Mimi simo.
Miaka tisa kwenye stuli ile ile
na hakuna safu inayoniuliza nilifanya nini.

Nilipofika nilipewa tochi.
"Mmulikie daktari." Nikammulikia.
Nikashika taya, nikashika mabega, nikaokota
magego yenye mizizi kama muhogo wa mwaka wa njaa,
nikayatia kwenye kopo la maziwa ya unga
lililolia kila moja lilipoanguka: ko.
Kopo likijaa, ndiyo kazi imefanyika.

Siku hizi nina majina. Mkwanguaji.
Fundi ugaga. Yule dada wa mswaki.
Mama mkwe, kule Tutuo, huwaambia wageni
kwamba Kalunde anafagia vinywa vya watu,
na mimi nikipakua ugali sibishi,
maana mfagiaji ndiye ajuaye
nyumba inaficha nini chini ya mkeka.

Siku ya mnada akaja Msabila Nkwabi,
mrina asali wa Ipole, shavu amelifunga kitambaa.
"Ng'oa."
"Sing'oi."
"Basi niitie anayeng'oa."
"Lala kwanza."

Nikamtazama kichwa chini miguu juu.
Ugaga mweusi, wa miaka ya tumbaku,
umejijenga tabaka kwa tabaka
kama nta ya mzinga uliosahauliwa porini.
Nikakwangua polepole, ukingo kwa ukingo,
hata yeye, mdomo umejaa maji, akacheka:
"Kumbe na wewe unarina."

Lakini damu ilikuwa nyingi kuliko kosa.
Na pumzi yake ilikuwa na utamu,
kama kangara iliyosahaulika mtungini.
"Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"
Akanyamaza. "Nne. Tano. Nani kakwambia?"
"Fizi zako. Zina umbea."
Nikamwandikia karatasi ya maabara.
Sukari: kumi na tisa.
Daktari akatia sahihi yake, kubwa, ya kupinda,
mimi nikaosha vyombo.

Mguu wa Msabila leo uko salama, una kidonda kidogo tu kilichopona.
Haujui kwamba uliokolewa mdomoni.

Kisha wakaja wakaguzi kutoka Tabora,
gari jeupe, vumbi jekundu.
"Robo hii mmeng'oa mangapi?"
"Matatu."
"Na robo kama hii mwaka ulipopita?"
"Thelathini na moja."
Akakuna kidevu kwa kalamu. "Kazi imeshuka."

Nikafungua kinywa. Nikakifunga.
Ningemwonyesha nini?
Wasichana wa shule ya Mole wanaocheka bila kuziba mdomo?
Yule mjamzito wa Pangale aliyeacha kutema damu asubuhi?
Jino lililobaki halilii kwenye kopo.
Sote tunaimba kwamba jino la pembe si dawa ya pengo,
tunaimba vizuri, tena kwa sauti,
ila sijamwona aliyepanda daraja
kwa ajili ya pengo lisilotokea.

Walipoondoka nikachukua rula na kalamu nyekundu.
Nikapiga mstari pembeni, safu ya sita.
Karatasi ikachanika kidogo chini; ni ya zamani.
Sikuipa jina. Nilijaribu mawili, nikayafuta.
Nikaandika tu:
*Nkwabi, Ipole. Ishirini na saba. Yote yapo.*

Juzi amerudi, hakuja kutibiwa. Kaleta dumu.
"Asali ya miyombo. Mimi umenikataza,
kwa hiyo ile wewe."
Akacheka, nikayahesabu akicheka.

Usiku nikachovya kidole, nikaramba,
nikachovya tena.
Halafu nikapiga mswaki, juu, chini, nyuma ya magego,
gizani uani, peke yangu,
na hakuna aliyeandika.